Kabla ya Bia na Bando: Wasukuma Walivyotoa Stresi kwa Jembe

Muulize kijana yeyote wa mjini anatoaje stresi, majibu ni yale yale. Bia mbili tatu, muvi mpaka saa nane usiku, au kuperuzi simu hadi bando likate. Yote yanakula hela, na asubuhi mawazo unayakuta palepale ulipoyaacha.

Sasa ichukue Songwa, wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, jirani kabisa na mgodi wa almasi wa Mwadui. Mvua za huku hazina ahadi, na udongo mweusi wa mbuga ukilowa unanata, ukikauka unapasuka. Mtu aliyelima hapa kwa jembe la mkono miaka ya nyuma alikuwa na kila sababu ya kuwa na mawazo: njaa, kodi ya mkoloni, ng'ombe wanaokufa kwa ukame. Hela ya starehe hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni wenzake, ngoma na sauti.

Chimbuko la mambo haya ni la mbali. Karne ya 19 vijana wa Kisukuma na Kinyamwezi walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu na mizigo mingine kutoka bara hadi pwani, miezi kadhaa kwa miguu, mzigo begani. Waliimba njiani ili hatua ziende pamoja na uchovu usahaulike. Kulikuwa pia na vyama vya wawindaji wa nyoka na wa nungunungu, na kila kimoja kilikuwa na nyimbo zake. Mtafiti wa muziki kutoka Marekani, Frank Gunderson, alichapisha mwaka 2010 kitabu chenye nyimbo zaidi ya 300 za kazi za Wasukuma. Majina ya walio wengi kati ya walioziimba shambani na njiani hayajaandikwa popote.

Upagazi ulikufa. Reli ikafika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga, na mizigo ikahamia kwenye mabehewa. Lakini nyimbo hazikwenda na upagazi. Zilihamia shambani, hasa pamba ilipopamba moto na kila mtu akataka ekari nyingi kuliko mikono aliyonayo nyumbani kwake.

Hapo ndipo bugobogobo inapoingia. Mwenye shamba kubwa anaita kikundi cha vijana. Wanafika asubuhi na mapema na ngoma zao, wanajipanga mstari mmoja, majembe mkononi. Manju anaanzisha, wengine wanapokea, na majembe yote yanashuka kwa pigo moja. Ngoma ikichanganya mtu anarusha jembe hewani, analizungusha, analidaka, anaendelea kulima kama hakijatokea kitu. Anayechoka hasemi amechoka, maana mstari mzima unamwona! Mwenye shamba anawalisha, na mara nyingi kuna malipo juu yake, hela au mnyama wa kuchinja.

Na wanaimba nini? Hapa ndipo penye utamu. Bahili anasemwa, mvivu anasemwa, mapenzi yaliyovunjika yanasemwa, na hata mkubwa asiyeguswa kwenye mazungumzo ya kawaida anapigwa kijembe mchana kweupe. Jambo ambalo mtu angelala nalo kifuani wiki nzima, linatoka mdomoni mwa watu thelathini kwa pamoja. Nani atakamatwa?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwahi kuwapima wapiga makasia. Waliofanya mazoezi pamoja walivumilia maumivu zaidi kuliko walipofanya mazoezi yale yale kila mtu peke yake. Watafiti wakahisi ni kemikali za mwilini zinazopunguza maumivu na kuleta raha, ambazo huongezeka watu wakienda kwa mwendo mmoja. Usukumani hakuna aliyesubiri maabara imwambie.

Mavuno yakiisha, zinaanza mbina. Kuna pande mbili, Bagika na Bagalu, ambazo simulizi zinazirudisha kwa wacheza ngoma wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na aliyevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Naam, kugombania folowazi kulikuwepo kabla ya simu.

Lakini tusiipambe sana hadithi. Ushindani huo ulikuwa na presha yake: vikundi vilitafuta dawa za kuvuta watu, na aliyeshindwa aliweza kuamini amelogwa, akaondoka na mawazo mapya. Isitoshe, wimbo haukupunguza kodi hata senti moja.

Kisha maisha yakabadilika. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi Mwadui, na kazi ya mshahara ikasogea hadi mlangoni mwa Songwa. Geita nako dhahabu iliita watu enzi hizo hizo za mkoloni, na inaita mpaka leo. Kwenye mitambo kelele zinameza wimbo. Mchimbaji mdogo anayeshuka duarani anategemea nyota yake, na nyota haigawanywi kama mstari wa shamba. Akipata anakunywa, akikosa anakunywa kwa mkopo. Mkulima wa zamani alikuwa maskini kuliko huyu, ila mzigo wake ulikuwa na watu thelathini wa kuubeba naye.

Hata hivyo ngoma haijafa. Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, padre mmoja Mkanada alianzisha miaka ya 1950 sherehe ya Bulabo, inayofanyika kila mwaka msimu wa sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi mwezi Juni. Bagika na Bagalu wanakutana pale, majembe yanaruka hewani, na mshindi bado ni yule yule: aliyezungukwa na watu wengi.