Siku ya Tatu Mpe Jembe, Sawa. Lakini Jembe Liko Wapi?

Kuna hoja inapendwa sana na watu wakisikia kwamba serikali ya Marekani hulisha raia wake: "Kama unakula bure, enda ufanye kazi." Na si hoja ya Wazungu tu. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Nyerere mwenyewe aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipokuwa akieleza Ujamaa. Kwa hivyo sitasema ni hoja ya kijinga. Lakini hebu tuangalie venye imetumika kwa wazazi, kwa sababu hapo historia inakuwa chafu kidogo.

Tuanze na ya juzi. Tarehe 4 Julai 2025 Donald Trump alitia saini sheria kubwa ya kodi na matumizi. Ndani yake kulikuwa na kipengele kuhusu SNAP, ule mpango wa kadi ya chakula ambao wakati huo ulikuwa ukisaidia watu karibu milioni 42. Tangu 1996, mtu mzima mwenye afya na asiye na mtoto alitakiwa kufanya kazi, kujitolea ama kuwa kwenye mafunzo masaa 80 kwa mwezi. Akikosa kufikisha hayo masaa, anapata chakula miezi 3 pekee katika kipindi cha miaka 3. Mzazi anayeishi na mtoto wa chini ya miaka 18 hakuguswa na hiyo saa. Sheria mpya ilishusha umri huo hadi 14. Yaani siku mtoto wako anafikisha miaka 14, mbele ya hiyo sheria wewe unahesabiwa kama mtu asiye na mtoto. Anaingia tu sekondari, anakula kuliko wewe, lakini kwa makaratasi hakuhitaji tena.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1911 jimbo la Illinois lilianza kulipa akina mama wasio na waume ili wabaki nyumbani na watoto wao. Majimbo mengine yakafuata, na mwaka 1935, wakati wa Roosevelt, serikali kuu ikaingiza wazo hilo kwenye sheria ya hifadhi ya jamii. Mantiki yake ilikuwa rahisi: kulea mtoto ni kazi tayari, na mama asilazimishwe kuchagua kati ya mtoto na mkate.

Lakini walioendesha mpango huo ni majimbo, na huko Kusini mantiki hiyo haikumhesabu mama Mweusi. Mwaka 1943 Louisiana iliweka kanuni kwamba mama mwenye mtoto wa miaka 7 au zaidi anyimwe msaada wakati mashamba yanahitaji watu. Pamba ikiwa tayari, pesa zinakatwa. Georgia nayo ikaweka kanuni kama hiyo mwaka 1952. Angalia vizuri hapo. Hakuna mtu aliyekuwa ameamua ghafla kwamba mtoto wa miaka 7 anaweza kujilea. Mwenye shamba alitaka vibarua wa bei ya chini, na njaa ndiyo ilitumwa kuwaita.

Chakula chenyewe pia kilitumika hivyo. Mwaka 1962, katika kaunti ya Leflore kule Mississippi, Waamerika Weusi walikuwa wanajiandikisha kupiga kura. Viongozi wa kaunti wakasimamisha ugavi wa chakula cha ziada cha serikali kuu, na zaidi ya watu 20,000 wakaachwa bila hicho chakula kipindi cha baridi. Vijana wa harakati za haki za raia ndio walianza kukusanya na kusambaza chakula. Ukiwa na ufunguo wa stoo, unaweza kuweka masharti yoyote.

Mwaka 1964 Lyndon Johnson alifanya stempu za chakula kuwa sheria ya kudumu. Miaka 7 tu baadaye, 1971, masharti ya kazi yakaingia. Kisha 1976 Ronald Reagan akazunguka kwenye kampeni akisimulia hadithi ya mwanamke wa Chicago anayekula jasho la walipa kodi, na picha hiyo ikakwama kwenye vichwa vya watu. Kufika 1996, Bill Clinton, mtu wa chama kile kingine, alitia saini sheria iliyowapa wazazi maskini ukomo wa miaka 5 kwa msaada wa pesa taslimu, na kazi ikawa lazima. Kwenye chakula lakini, hata hao waliokuwa wakali walisimama mlangoni. Mzazi mwenye mtoto wakamwacha. Mstari huo ndio 2025 ilivuka.

Utaniuliza, kwani kuna ubaya gani mtu akisukumwa kidogo atafute kazi? Swali zuri, na limefanyiwa utafiti. Virginia iliporudisha masharti hayo kwa watu wasio na watoto mwaka 2013, wachumi walifuatilia rekodi zao. Kati ya waliobanwa na masharti, idadi ya waliobaki kwenye mpango ilishuka kwa zaidi ya nusu. Ajira haikuonekana kupanda. Watu walitoka kwenye chakula bila kuingia kwenye kazi.

Sababu yake unaijua hata kama hujawahi kutoka Kayole. Kazi ya chini haina masaa ya uhakika. Meneja wa mkahawa akikupangia zamu za masaa 72 mwezi huu badala ya 80, aliyeamua ni yeye, lakini atakayekosa chakula ni wewe. Ama umefikisha masaa yako yote na karatasi ya kuthibitisha ikapotelea ofisini. Sheria haipimi bidii. Inapima ushahidi wa bidii, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Watetezi wanasema mtoto hakatwi, anayekatwa ni mzazi peke yake. Ni kweli kwa makaratasi. Lakini nyumba ina sufuria moja. Fungu la mama likitolewa, hakuna mama atakayekaa pembeni atazame watoto wakila sehemu yao huku yeye akilala njaa kwa utaratibu wa sheria. Watagawana kilichobaki, na kwa wastani tunazungumzia takriban dola 6 kwa mtu kwa siku.

Kwa hivyo nikirudi kwa ile methali, nataka tuisome hadi mwisho. Inasema mgeni *mpe* jembe. Mwenyeji ndiye analitoa, na shamba liko pale nje linasubiri. Chini ya hii sheria jimbo halilazimiki kukupa kazi wala nafasi ya mafunzo kabla ya kukukatia chakula. Na tena methali inamhusu mgeni. Mama anayelea mtoto wa miaka 14 nchini mwake, tangu lini amekuwa mgeni?