Sambaza wa Kivu: Historia ya Chakula na Nitrati

Hadi katikati ya karne ya 20, Ziwa Kivu, ambalo maji yake hutoka kupitia Mto Ruzizi, kati ya Cyangugu ya Rwanda na Bukavu ya Kongo, halikuwa na samaki wanaokula zuplanktoni, yaani wanyama wadogo mno waeleao katika maji ya wazi, na wavuvi wa Kinyaga, kwenye ufuo wa Rwanda, walitegemea samaki wa kandokando. Kati ya mwaka 1958 na 1960 utawala wa Ubelgiji ulileta vifaranga vya dagaa wa aina mbili kutoka Ziwa Tanganyika, lakini ni Limnothrissa miodon pekee aliyestawi, naye ndiye aitwaye sambaza.

Uzito wa badiliko hilo huonekana vyema likilinganishwa na tangi la samaki la nyumbani, ambamo protini ya chakula hutolewa na samaki kama amonia, nayo bakteria huigeuza kuwa nitriti na hatimaye nitrati, ambayo huongezeka kila chakula kinapozidi, hadi maji yabadilishwe. Kivu hapakutiwa chakula: sambaza alikula kilichokuwamo, hivyo akabadili njia ya nitrojeni bila kuongeza kiasi chake. Tena, kwenye kina cha zaidi ya mita 60 hivi hakuna oksijeni, kwa hiyo nitrojeni iliyozama hubaki katika hali ya amonia, na pepo za kiangazi huchanganya tabaka la juu tu.

Mwaka 1986 mwanabiolojia Henri Dumont alionya kwamba sambaza amemtokomeza Daphnia, zuplanktoni aliye mlaji hodari wa mwani, na kwamba uvuvi wenyewe ungeweza kuporomoka; hata hivyo, uvuvi uliendelea. Usiku wa giza mitumbwi mitatu iliyoungwa kwa miti mirefu huwasha karabai, sambaza huufuata mwanga, na wavu uliozamishwa chini yao huinuliwa, ukitoa ziwani sehemu ya nitrojeni pamoja na samaki.

Vizimba vya tilapia, vilivyoenea Kivu katika karne hii, vimegeuza hesabu hiyo, kwa sababu chakula chake hutoka nje ya ziwa, na kile kisicholiwa, pamoja na kinyesi, hubaki majini. Kwa mfugaji wa vizimba, kama kwa mwenye tangi, kipimo cha chakula ndicho kipimo cha nitrojeni inayoingia majini, ilhali mvuvi wa sambaza huichota tu.