Imani kwa Mungu na miungu: chanzo chake

Imani kwa Mungu au miungu ni kusadiki kwamba yupo, au wapo, wenye uwezo na utashi kuliko binadamu, wasioonekana kwa kawaida, lakini wanaoyajua mambo ya watu na kuweza kuyaingilia. Imani ya namna hii imepatikana karibu katika kila jamii ambayo habari zake zimeandikwa, ingawa sura zake zinatofautiana mno. Wakikuyu walimwomba Mungu wao, Ngai, wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Wagiriki wa kale waliweka miungu mingi juu ya Mlima Olympus. Uislamu unakataza kabisa kumshirikisha Mungu na chochote.

Waumini wenyewe wana jibu la wazi: wanaamini kwa sababu Mungu yupo na amejitambulisha kwa viumbe wake. Katika Uislamu kuna fundisho la fitra, yaani kwamba kila mtoto huzaliwa na maumbile ya kumtambua Muumba. Ibn Tufayl wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1185, alilipa fundisho linalokaribiana na hilo umbo la hadithi: mtoto Hayy bin Yaqdhan analelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu, na kwa kutazama na kutafakari tu anafikia kumjua Mungu. Kwa upande wa Wakristo, John Calvin (1509–1564) alifundisha kwamba hisia ya uungu imepandwa moyoni mwa kila mtu, na kabla yake Thomas Aquinas alikuwa ametoa hoja tano za kuthibitisha kuwapo kwa Mungu. Hoja hizo zinastahili heshima zilizopewa, lakini ni wachache walioanza kuamini kwa kuzisoma. Kwa walio wengi, hoja huja baadaye, kuitetea imani ambayo imekwisha kuota mizizi.

Wanaanthropolojia na wanasaikolojia huanzia mbali zaidi, kwenye namna akili inavyofanya kazi. Mwanaanthropolojia Stewart Guthrie, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alieleza kwamba binadamu huwahi kuona dalili za mtu au kiumbe hai hata pasipo na kitu: anayeshtushwa na kijiti akidhani ni nyoka hapotezi kitu, ila anayedhani nyoka ni kijiti huweza kupoteza maisha. Naye mwanasaikolojia Deborah Kelemen aliwauliza watoto wa shule za msingi Marekani kwa nini baadhi ya mawe yana ncha. Wengi walipendelea jibu kwamba ni ili wanyama wapate pa kujikunia, kuliko maelezo ya jinsi mawe yanavyoumbika. Akili inayotafuta nia na kusudi kila mahali haipati taabu kukubali kwamba nyuma ya ulimwengu yupo mwenye kusudi.

Mwelekeo huo hauishii utotoni. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi kati ya Wazande wa kusini mwa Sudan ya wakati huo, aliandika mwaka 1937 habari ya maghala yaliyoinuliwa juu ya nguzo, ambayo watu hupumzika kivulini mwake wakati wa jua kali. Mara nyingine ghala huanguka na kuwaumiza waliokaa chini. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lilianguka saa ile ile, juu ya watu wale wale. Wao walijibu kwa uchawi, si kwa Mungu, lakini swali ni lile lile linaloulizwa katika misiba ya Afrika Mashariki hata pale daktari alipokwisha kutaja ugonjwa. Elimu ya mchwa haijibu swali hilo, na ndiyo maana kuenea kwa shule na hospitali hakukuiondoa imani kama baadhi ya wataalamu wa karne ya 19 walivyotabiri.

Kama akili huandaa shamba, kinachopandwa hutoka kwa watu wa karibu. Anayelelewa Lamu kwa kawaida huwa Mwislamu, na anayelelewa Tokyo huzoea ibada za Shinto na Kibudha. Mwanaanthropolojia Joseph Henrich amesisitiza kwamba mtoto haongozwi na maneno matupu: huamini zaidi anapowaona wakubwa wakigharamia wanachokisema, kwa kufunga, kutoa sadaka na kuamka alfajiri kusali.

Imani pia huwafunga watu pamoja, jambo ambalo mwanasosholojia Émile Durkheim alilifanya kiini cha dini mwaka 1912. Mfano wenye nguvu ni Vita vya Maji Maji vya 1905–1907 dhidi ya Wajerumani, ambapo dawa ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyesemwa kupagawa na roho aitwaye Hongo, iliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 591 kutoka jamii nane, wakiwamo Wahadza wa Tanzania, uliona kwamba walioamini mungu ajuaye na kuadhibu walikuwa waadilifu zaidi katika kugawa fedha na watu wa imani yao walio mbali.

Shida nayo ina nafasi yake. Baada ya tetemeko la Christchurch, New Zealand, la mwaka 2011, watu walioathirika waligeukia dini zaidi, wakati kwingineko nchini humo dini iliendelea kupungua. Hata hivyo Karl Marx na Sigmund Freud walizidisha chumvi walipoifanya imani kuwa kitulizo tu, kwani miungu mingi hutisha kuliko kufariji.

Ubishi bado upo juu ya Afrika yenyewe. John Mbiti wa Kenya, baada ya kukusanya habari za karibu makabila 300, alishikilia kwamba Waafrika walimjua Mungu mmoja mkuu kabla ya wamisionari. Okot p'Bitek wa Uganda alimpinga vikali mwanzoni mwa miaka ya 1970, akisema kwamba wasomi wa aina hiyo waliivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki na ya Kikristo.

Kueleza jinsi imani inavyozaliwa hakuamui kama ni ya kweli. Justin Barrett, mmoja wa waasisi wa utafiti wa akili na dini, ni Mkristo. Wenzake wengine hawaamini, na wote husoma matokeo yale yale.

Kituo cha utafiti cha Pew kilikadiria kwamba mwaka 2010 watu bilioni 5.8, sawa na asilimia 84 ya watu wote duniani, walikuwa na dini. Wasio na dini walikuwa bilioni 1.1, na hata kati yao wapo waumini: nchini Marekani asilimia 68 ya watu wazima wa kundi hilo walisema wanamwamini Mungu au nguvu ya kiroho iliyo juu ya binadamu.