Bendera Yenye Mraba Mweusi

Kila Jumapili jioni, kuanzia Novemba hadi Machi, nakaa kwenye meza ya jikoni hapa Omaha, Nebraska, natafsiri utabiri wa hali ya hewa wa wiki inayokuja. Nafungua ukurasa wa ofisi ya hali ya hewa iliyoko Valley, mji mdogo magharibi mwa jiji, nausoma mara mbili, kisha nauandika upya kwa Kiswahili na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la familia za kwetu. Wengi ni Wakongo, Warundi wapo kiasi, na Watanzania ni sisi wachache tuliotoka Kigoma. Hakuna aliyeniajiri. Niliombwa mara moja, nikafanya, ikawa kazi yangu.

Januari moja niliifanya vibaya. Nilikuwa nimechoka, nikaandika namba tupu: Jumanne asubuhi 41, jioni 5. Sikueleza kwamba ni Fahrenheit, wala kwamba kati ya namba hizo mbili kungepita upepo mkali kutoka kaskazini-magharibi. Jumanne kulikucha kuzuri. Theluji ya barabarani ilikuwa inayeyuka, watu wanatembea vifua wazi. Mtoto wa Mama Neema, jirani yangu kutoka Baraka kule Fizi, alikwenda shule na sweta. Alasiri basi lilimshusha mitaa miwili kutoka nyumbani. Alipofika mlangoni vidole vyake vilikuwa vyeupe na hakuweza kushika kitasa.

Vidole vilipona. Lakini jioni ile Mama Neema aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Baba, hiyo baridi yenye ilikuja leo, ni nani aliiona tangu Jumapili? Na kama aliiona, mbona mimi sikuijua?"

Nilianza kutafuta jibu la nusu ya kwanza ya swali. Nusu ya pili ndiyo iliyonipeleka mwaka 1888.

Tarehe 12 Januari 1888 ilikuwa Alhamisi. Baada ya siku nyingi za baridi kali, asubuhi ile kulipambazuka na joto lisilo la kawaida katika mbuga za Dakota na Nebraska. Wakulima walitoa ng'ombe nje. Watoto waliacha makoti mazito nyumbani wakaenda shule, nyingi zikiwa chumba kimoja katikati ya nyasi, na mwalimu mwenyewe mara nyingi ni msichana mdogo. Kisha ukuta wa wingu ukaja kutoka kaskazini-magharibi. Dakota ulifika mapema, na sehemu kubwa ya Nebraska ulifika alasiri, karibu na saa ambazo watoto wanaruhusiwa kurudi nyumbani. Theluji yake ilikuwa laini kama unga, ikiendeshwa na upepo kiasi kwamba mtu hakuuona mkono wake. Joto lilianguka kwa kasi, na usiku likazama chini kabisa ya sifuri ya Fahrenheit, ambayo tayari ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri tuliyoizoea sisi.

Idadi inayotajwa mara nyingi ni vifo 235. Wengi walikuwa watoto, na ndiyo maana Wamarekani wanaiita Dhoruba ya Watoto.

Karibu na Plainview, hapahapa Nebraska, mwalimu Lois Royce alibaki shuleni na wanafunzi watatu mpaka kuni zikaisha. Nyumba aliyopanga ilikuwa karibu sana, umbali ambao siku ya kawaida mtu anaumaliza kabla hajamaliza sentensi. Akaamua kuwavusha. Walipotea. Watoto wote watatu walikufa kwa baridi. Yeye alipona, akakatwa miguu. Katika Bonde la Mira, mwalimu mwingine, Minnie Freeman, aliona paa la shule likiondolewa na upepo, akawaongoza wanafunzi wake hadi nyumba ya shamba iliyokuwa karibu, na wote wakaishi. Magazeti yalimfanya shujaa, wakasimulia kwamba aliwafunga kwa kamba moja. Nimefika Ord, mji ulio jirani na bonde hilo, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka kwangu. Nilishuka garini mahali pasipo na nyumba, nikafumba macho, nikajaribu kutembea hatua hamsini kwa mstari ulionyooka. Nilipofumbua nilikuwa mtaroni.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba dhoruba ile ilikuwa imetabiriwa.

Wakati huo hali ya hewa ya Marekani ilikuwa mikononi mwa jeshi. Mwaka 1870 Bunge liliagiza kikosi cha mawasiliano cha jeshi kipime hewa nchini kote. Sababu ni kwamba wanajeshi walikuwa na nidhamu ya kupima kwa saa moja, na walikuwa na telegrafu. Utabiri wenyewe unategemea jambo hilohilo: dhoruba inasafiri, na waya unasafiri haraka kuliko dhoruba. Ukijua mgandamizo wa hewa umeshuka magharibi, unaweza kumwambia wa mashariki kabla upepo haujamfikia. Oktoba 1887, miezi mitatu tu kabla ya dhoruba, ofisi ya utabiri ilifunguliwa Saint Paul, Minnesota, chini ya Luteni Thomas Woodruff, kwa ajili ya mbuga hizi hasa.

Taarifa ya ofisi hiyo kwa saa 24 kuanzia saa moja asubuhi ya tarehe 12 ilitaja wimbi la baridi kwa Dakota na Nebraska, usiku ule na siku ya pili yake, na theluji ya kurundikwa na upepo. Kwa hiyo baridi ilionekana. Kosa lilikuwa la saa chache: dhoruba haikungoja usiku.

Lakini hata saa zile zingekuwa sahihi, taarifa ilikuwa na safari ya kufanya. Ilitoka Saint Paul kwa waya mpaka kwenye vituo vya mijini. Huko ilipandishwa bendera nyeupe yenye mraba mweusi katikati, ishara ya wimbi la baridi. Aliyeishi mjini aliweza kuiona. Mkulima aliye mbali na stesheni hakuwa na waya wala simu, na bendera haikuweza kuvuka upeo wa macho. Wengi wao walikuwa wahamiaji wapya kutoka Norway, Sweden, Ujerumani. Kusini mwa Dakota ya leo, miongoni mwa waliokufa walikuwamo wavulana watano wa jamii ya Wamennonite waliozungumza Kijerumani, ambao wazazi wao walikuja kutoka himaya ya Urusi miaka ya 1870. Hata kama gazeti la Kiingereza lingefika mlangoni kwao asubuhi ile, lingehitaji mtu wa kulisoma.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta kwa muda. Nilidhani nasoma historia ya Wazungu na theluji yao.

Neno lenyewe lina historia yake. Mwingereza Robert FitzRoy, nahodha aliyemchukua Charles Darwin kwenye meli ya Beagle, aliongoza idara ya hali ya hewa ya Uingereza tangu 1854. Oktoba 1859 meli ya Royal Charter ilizama pwani ya Wales, zaidi ya watu 400 wakafa, naye akaazimia kuonya kabla. Mwaka 1861 alianza kupandisha ishara za dhoruba bandarini, na tarehe 1 Agosti mwaka huo gazeti la The Times likachapa utabiri wake wa kwanza kwa umma. Alisisitiza kwamba hayo hayakuwa maono ya kinabii, na akachagua neno jipya ili asifananishwe na wapiga ramli. Wanasayansi walimbeza na magazeti yakamcheka kila alipokosea. Alijiua mwaka 1865. Ishara zake zilisimamishwa, watu wa baharini wakalalamika, zikarudishwa. Marekani nayo iliogopa neno. Taarifa ziliitwa kwanza "yamkini", kisha tangu 1876 "dalili", na hadi 1889, mwaka mmoja baada ya watoto kufa, ndipo zikaitwa rasmi utabiri.

Sisi hatukuwa na woga huo. Kiswahili kimempa mtu wa hali ya hewa neno lilelile la msoma nyota, na huenda ndiyo maana nyumbani tunamsikiliza mtangazaji wa redio kwa tabasamu. Akisema mvua ikaja, kabahatisha. Isipokuja, si tulijua.

Kazi ilitoka jeshini na kuingia mikononi mwa raia mwaka 1891. Redio zikaja, kompyuta na satelaiti zikafuata, na saa 24 za Woodruff zikawa siku mbili, tatu, wiki. Machi 1993 dhoruba kubwa iliyofunika mashariki mwa Marekani ilitangazwa siku tano kabla, na baadhi ya magavana walitangaza hali ya hatari theluji haijaanza kudondoka. Yalikuwa mafanikio makubwa ya sayansi. Hata hivyo watu zaidi ya 200 walikufa, na pwani ya Florida wapo walioshtukizwa usiku na maji ya bahari. Lile lililojulikana ofisini lilikuwa bado na safari ya mwisho.

Nimebadilisha namna ninavyoandika. Naanza na saa ya mabadiliko, kisha upepo, kisha namba. Tahadhari za Kiingereza zenye ngazi zake nimezigeuza kuwa maneno matatu: "angalia", "jiandae", "usitoke". Kile kipimo cha baridi inayohisiwa, kilichoanzia kwa Siple na Passel, Wamarekani wawili waliopima kule Antaktika jinsi upepo unavyoharakisha maji kuganda, nakiandika kwa dakika: ngozi iliyo wazi itaumia baada ya dakika kadhaa. Mama Neema ndiye aliyenifundisha hilo. Dakika, alisema, anazijua, kwa sababu anajua basi linachelewa ngapi.

Jumapili iliyopita niliandika hivi: "Alhamisi asubuhi kutakuwa na joto. Msidanganyike. Saa nane mchana upepo unageuka. Jioni, ngozi wazi dakika kumi tu. Mtoto aende na koti hata akilikataa, na glavu ziwe mfukoni."

Baada ya dakika chache Mama Neema alituma sauti kundini, nadhani kwa bahati mbaya, maana ilikuwa ya mama mkwe wake. Alikuwa akiisoma taarifa yangu kwa Kibembe. Sikuelewa isipokuwa "Alhamisi" na "glavu". Alipofika mwisho alinyamaza, kisha akairudia yote tangu mwanzo, polepole zaidi.