Tiba Isiyoua: Habari za Vitamini A na Saratani

Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto, na kwa muda mrefu ndivyo saratani ilivyotibiwa: kwa mionzi na kwa sumu ziuazo chembe za mwili. Habari za vitamini A ni habari za njia nyingine.

Mwaka 1925, huko Boston, Wolbach na Howe waliwalisha panya chakula kisicho na vitamini hiyo. Utando laini wa njia za pumzi na za mkojo uligeuka mgumu mithili ya ngozi. Ikadhihirika kwamba chembe changa huhitaji vitamini A ili zikomae na kushika kazi zake. Lakini vitamini yenyewe ikizidi hudhuru ini. Basi wakemia wakaunda dawa za ukoo wake. Mwaka 1976 Michael Sporn, wa Marekani, alizipa dawa hizo jina la retinoidi, akitumaini kwamba zingeizuia saratani kabla haijazaliwa.

Hata hivyo, tunda kubwa liliiva upande wa tiba. Mwaka 1985, mjini Shanghai, Dakta Wang Zhenyi alimpa asidi ya retinoiki mtoto wa kike wa miaka 5, mahututi kwa aina moja kali ya saratani ya damu. Akapona. Mwaka 1988 yeye na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 24: wote walipata nafuu kamili, na 23 kati yao kwa dawa hiyo pekee. Chembe mbovu hazikuuawa. Zilikomazwa, kisha zikafa kwa wakati wake. Miaka michache baadaye sababu ilijulikana: katika maradhi hayo, kilichoharibika ni kile kipokezi cha chembe kinachopokea amri ya vitamini A. Ilipotumika peke yake, maradhi yalirudi. Kwa hiyo iliunganishwa na dawa nyingine, hatimaye na aseniki, na leo wengi wa wagonjwa hao hupona.

Upande wa kinga mambo yalikuwa machungu. Huko Marekani, wavutaji sigara na wafanyakazi wa asbesto 18,314 waliingia katika jaribio la vitamini A pamoja na beta-karotini. Mwaka 1996 lilisimamishwa: waliopewa vidonge walipatwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi.

Hapa pana funzo. Palipojulikana kasoro yenyewe, dawa iliokoa. Palipotangulia matumaini, watu wazima waliojitolea kwa nia njema walidhurika. Tumaini halina budi kupimwa kabla ya kugawiwa.