Nili: Mmea wa Kwetu, Neno la Ugenini

Imekuwa desturi, katika madarasa ya historia ya Kiswahili, kumpa mwanafunzi orodha ya maneno ya mkopo na kumtaka asome ndani yake ni nani aliyempa nani kitu gani. Njia hiyo ina manufaa yake, lakini isipoangaliwa hupotosha. Katika makala haya nitalichunguza neno moja tu, nili, ambalo wazee wetu walilitumia kwa rangi ya buluu iliyokoza, na pia kwa buluu ya kufulia nguo nyeupe.

Asili ya neno haina ubishi. Kisanskriti kina nila. Waajemi wakalichukua, kisha Waarabu, nasi likatufikia kwa njia hiyo. Wareno nao walilipata kwa Waarabu pamoja na kitambulishi chake, wakasema anil. Mwenye haraka atahitimisha kwamba rangi yenyewe pia ilivuka bahari, na kwamba pwani hii ilikuwa mnunuzi tu. Hapo ndipo ninapotofautiana naye.

Mmea mmoja utoao nili kwa wingi, Indigofera arrecta, ni wa Afrika. Huota wenyewe toka Uhabeshi hadi Afrika Kusini, Kenya na Tanzania zikiwamo, kandokando ya njia na katika mashamba yaliyoachwa. Ni wa jamii ya kunde, hudumu zaidi ya mwaka, huweza kupita kimo cha mtu, na maua yake madogo mekundu-mekundu hayatazamwi mara mbili na mpita njia. Anayetaka kuupanda huzikwaruza mbegu kwanza, maana ganda lake ni gumu na maji hayapenyi kwa urahisi. Ukikaribia kutoa maua hukatwa matawi, ukachipua, ukakatwa tena.

Buluu haionekani katika jani. Majani hulowekwa mpaka yachachuke. Kisha maji hupigwa-pigwa yapate hewa, ndipo chembe za buluu zinapojitenga na kutuama. Chembe hizo haziyeyuki katika maji matupu. Mtiaji rangi huzichachua upya katika maji ya majivu au ya chokaa hadi buluu ipotee, huzamisha nguo, nayo hutoka ikiwa na rangi ya kijani, ikageuka buluu mbele ya macho yake inapopata hewa. Kazi ya namna hii mtu hajifunzi kwa kuona bidhaa sokoni.

Je, watu wa pwani waliijua? João dos Santos, mtawa wa Kireno aliyeishi visiwa vya Kerimba, kaskazini mwa Msumbiji, mwishoni mwa karne ya 16, alieleza katika kitabu chake cha 1609 jinsi wenyeji walivyotia nguo rangi kwa mmea wa nili uliomea visiwani humo. Ndiko kunakosemwa Kimwani, jamaa wa karibu wa Kiswahili. Mwenyeji alichuma jani la kwao. Mreno akaliandika anil. Safari ya neno na safari ya kitu zilikuwa zimekwisha achana.

Karne ya 19 ilikuja na kaniki, nguo ya pamba iliyotiwa nili, ambayo Richard Burton anaitaja miongoni mwa bidhaa za misafara ya 1857 hadi 1859. Nyingi zilitoka India. Kwa maoni yangu ni bidhaa hiyo iliyolitia nguvu neno la sokoni na kulifukuza la shambani.

Wakati huohuo mmea wetu nao ulisafiri. Katikati ya karne hiyo mbegu zake zilitolewa Natal zikapelekwa Java, na baadaye wenye mashamba wa Bihar wakazichukua huko, wakitumaini kushindana na nili ya viwandani ambayo kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1897. Wafanyabiashara wakauita nili ya Java au ya Natal, kama sisi tulivyoita nguo merikani: jina lilifuata bandari.

Kihausa kina hali nyingine. Mmea ni baba, rangi iliyotayarishwa ni shuni, na mahali pa kutilia rangi ni marina. Kazi ya Kano haikukatika, na msamiati wake haukukatika.

Kamusi zetu zinalieleza neno nili vizuri, lakini hazituambii mtu wa kijijini auitaje mmea anaoukanyaga njiani. Pa kuanzia utafiti ni kwa wasemaji wa Kimwani. Haraka inahitajika, kwani vita vilivyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 vimewang'oa wengi makwao, na baadhi ya wazee ambao wangeweza kujibu swali hili sasa wanaishi kwa jamaa zao katika mji wa Pemba, si kisiwa chetu cha jina hilo, mbali na vichaka walivyovijua.