Saa ya Singer na wale wanawake 12

Mapinduzi ya viwanda wote tuliyakariri sekondari: sababu tano, athari sita, mtihani ukaisha. Sasa mimi ndiye nitakayeenda kuyafundisha, na naona aibu kuingia darasani na zile nukta tu. Kwa hiyo leo kiwanda kimoja, tena kilishabomolewa.

Cherehani ya Singer mnaijua, ile nyeusi yenye nakshi za dhahabu, ya fundi wa barazani. Kampuni ni ya Kimarekani, lakini kiwanda chake kikubwa kilikuwa Clydebank, Uskoti, ubavuni mwa Glasgow. Ujenzi ulianza 1882, kikakamilika 1885, enzi za Malkia Victoria. Kilikuwa na mnara wenye saa ya pande nne, kila uso upana wa futi 26! Ukichelewa kazini huwezi kusingizia hukujua saa. Mwaka 1913 kilitoa cherehani zaidi ya milioni moja.

Ila kilichonigusa ni Machi 1911. Idara ya kupiga polishi makabati ya mbao ya cherehani ilikuwa na wanawake 15. Wakaondolewa watatu, waliobaki 12 wakaambiwa wagawane ile kazi. Wakagoma. Jamani, wanawake 12 tu! Ndani ya siku chache karibu wafanyakazi wote, kama 11,000, walikuwa nje.

Kampuni haikubishana nao getini. Iliwatumia wafanyakazi kadi kwa posta, kila mtu nyumbani kwake, ajibu kama yuko tayari kurudi kazini. Mimi naona hapo ndipo mgomo ulipovunjika. Getini na wenzako una sauti. Mezani peke yako na ile kadi, kodi haijalipwa na watoto wanakutazama, utaandika nini? Wengi walikubali. Aprili 10 wakarudi, na baadaye mamia wakafukuzwa, viongozi wa mgomo wakiwemo. Kwenye zile athari sita hilo sikulikuta.

Mnara ulibomolewa 1963 kiwanda kilipofanywa cha kisasa, lakini usasa haukukiokoa: kilifungwa 1980, na majengo nayo yakaja kubomolewa. Stesheni ya treni ya pale bado inaitwa Singer.